Darasa limehamia nyumbani, nani atamshika mkono mwanafunzi?

Kando ya Barabara ya Kawawa, wilayani Kinondoni, yapo makao makuu ya chuo kikuu ambacho wengi wa wanafunzi wake hawaonekani hapo. Wanafunzi hao wako Mbagala na Tandika, Bunju na Tegeta, Songea, Kigoma na Pemba. Wengine wako madukani na maofisini, wengine ni walimu wa shule za msingi, na wengine ni akina mama wanaofungua kitabu baada ya watoto kulala. Hicho ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kuanza kazi kisheria tarehe 1 Machi 1993. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, ambaye kabla ya hapo aliwahi kushika wadhifa kama huo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Wazo lililozaa chuo hicho ni jepesi kulisema na zito kulitekeleza: asiyeweza kuacha kazi, mume, mke au wazazi wake ili akakae bwenini kwa miaka mitatu, asinyimwe elimu ya juu kwa sababu hiyo. Badala ya mwanafunzi kulifuata darasa, darasa limfuate mwanafunzi. Familia nyingi za Kiislamu katika kata zetu za pembezoni mwa jiji zimenufaika na mlango huo. Lakini jambo moja halizungumzwi vya kutosha majumbani mwetu, nalo ndilo kiini cha makala haya. Darasa linapohamia nyumbani, msaada ambao mwanafunzi angeupata chuoni hauhami wenyewe. Lazima uhamishwe kwa makusudi. Usipohamishwa, mwanafunzi hupotea kimyakimya, wala hakuna anayejua siku aliyopotea.

Kutoka bahasha hadi simu ya mkononi

Elimu ya masafa si ngeni nchini. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikiendesha masomo kwa njia ya posta: mwanafunzi hupokea vijitabu, hujibu mazoezi, hutuma bahasha, kisha husubiri masahihisho. Chuo Kikuu Huria nacho kilianza kwa kutegemea zaidi vitabu vya kuchapwa, pamoja na vipindi vya ana kwa ana katika vituo vya mikoa. Vituo hivyo vimeenea nchi nzima, na ndani ya Dar es Salaam wakazi wa Kinondoni, Ilala na Temeke wamekuwa na vituo vyao.

Kisha ukaja mtandao. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na serikali ikatandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani. Masomo yakaanza kuwekwa katika mfumo wa kompyuta uitwao Moodle, ambao vyuo vingi duniani huutumia. Humo mwanafunzi husoma muhtasari wa somo, hupakua vitabu, huandika kwenye ukumbi wa majadiliano na kuwasilisha kazi zake. Udahili, usajili wa masomo na matokeo ya mitihani navyo vikahamia mtandaoni.

Tukio la mwaka 2020 liliharakisha mambo. Mwezi Machi mwaka huo serikali ilifunga shule na vyuo kwa sababu ya maradhi ya korona, na vyuo vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni. Katika wiki hizo kila chuo kilijiuliza swali ambalo Chuo Kikuu Huria kilikuwa kimelibeba kwa zaidi ya robo karne: mwanafunzi asipokuwapo mbele ya mwalimu, atafundishwaje, na atasaidiwaje? Baadaye ukaja mradi mkubwa wa serikali wa kuimarisha elimu ya juu, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na matumizi ya teknolojia katika ufundishaji ni sehemu ya mradi huo. Kwa hiyo hata mzazi ambaye mwanawe yuko katika chuo cha kawaida chenye madarasa na mabweni, asidhani kwamba habari hii haimhusu.

Somo linafika, mwalimu hafiki

Tuchukue mfano wa mama wa Chamazi anayesomea shahada ya ualimu. Ameamka kabla ya alfajiri, amewaandaa watoto, amekwenda kazini na kurudi kwa daladala mbili. Baada ya swala ya Isha na chakula cha usiku, saa nne, ndipo anapokaa na simu yake. Kifurushi cha intaneti alichonunua ni cha saa ishirini na nne. Anaingia katika mfumo, anaambiwa neno lake la siri si sahihi. Anajaribu mara tatu, anafungiwa. Kesho anampigia mtu wa kompyuta chuoni, anaelekezwa kwa mtu wa usajili. Mtu wa usajili anamwambia ada yake haijaonekana. Mhasibu anamwambia malipo yameonekana lakini somo halijasajiliwa. Siku tatu zimepita, kifurushi kimekwisha, na tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi imefika.

Mama huyu hakushindwa na somo. Hakufika hata kwenye somo. Alishindwa na milango.

Angekuwa katika chuo chenye bweni, jambo hilo lingekwisha kwa njia ambayo haijaandikwa katika mfumo wowote. Angemwuliza mwenzake kitandani, naye angemwambia, "Nenda ofisi fulani, mwone mama fulani, atakutengenezea." Chuo cha kawaida kina msaada uliofichika ndani ya maisha ya kila siku: rafiki, foleni ya chakula, mwalimu anayekutana nawe kwenye ngazi akakuuliza mbona huonekani darasani. Mtandao unapobeba somo na kuliacha hilo nyuma, umebeba nusu ya chuo.

Dunia imekwisha kuona matokeo yake. Vyuo vikuu viwili vikubwa vya Marekani, Harvard na MIT, vilipofungua kozi za bure mtandaoni, vilipata maandikisho 841,687 katika kozi 17 za mwaka wa kwanza, kati ya 2012 na 2013. Vyeti vilivyopatikana vilikuwa 43,196, yaani takriban vitano kwa kila maandikisho mia moja. Haki itendeke: baadhi ya walioingia hawakukusudia kumaliza, walikuja kutazama tu, na hawakulipa chochote. Hata hivyo funzo limebaki. Walimu walikuwa bingwa, video zilikuwa safi, kozi zilikuwa bure, na bado wingi wa watu waliteleza wakaondoka. Somo zuri peke yake halimshiki mtu.

Linganisha na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971. Kilirusha masomo kwa redio na televisheni, vyombo vya kisasa kabisa kwa wakati ule. Lakini tangu mwanzo kila mwanafunzi alipangiwa mkufunzi anayemjua kwa jina, anayesahihisha kazi zake na kumwandikia maoni. Walielewa kwamba chombo kinafikisha sauti, na mtu ndiye anayemfuata mwanafunzi.

Mwanafunzi mmoja, milango mitano

Hapa ndipo tunapofika kwenye suala la kuunganisha. Katika vyuo vingi mifumo imezaliwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Upo mfumo wa masomo, mfumo wa usajili na matokeo, mfumo wa malipo wenye kumbukumbu namba zake, maktaba ya mtandaoni, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ambayo mara nyingi haimo katika mfumo wowote, bali imo katika chumba chenye mlango wa mbao. Kila mlango una ufunguo wake. Anayelazimika kuzunguka milango yote ni yule asiye na muda, asiye na nauli, na anayehesabu dakika za kifurushi chake.

Kuunganisha maana yake ni kwamba mwanafunzi awe na jina moja la kuingilia na faili moja. Akilipa ada, masomo yafunguke bila yeye kupiga simu. Akiwa na swali, aulize mahali pamoja, na ni kazi ya chuo kujua swali hilo ni la nani. Muhimu kuliko yote, mfumo wa masomo uweze kuzungumza na mshauri. Mwanafunzi ambaye hajaingia darasani kwa wiki tatu anaacha alama kwenye kompyuta. Alama hiyo ni sawa na kiti kitupu mbele ya mwalimu. Swali ni kama kuna mtu anayetazama kiti hicho.

Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, huko Marekani, chenye wanafunzi wengi kutoka familia zisizo na uwezo, kilianza mwaka 2012 kufuatilia kila siku ishara zaidi ya 800 katika kumbukumbu za wanafunzi wake: somo lisilosajiliwa, alama iliyoshuka, kozi iliyochaguliwa kimakosa. Ishara ikionekana, mshauri humtafuta mwanafunzi. Mwaka 2003 waliokuwa wakihitimu katika chuo hicho ndani ya miaka sita walikuwa takriban 32 kati ya kila 100, na miaka kumi na michache baadaye wakapita nusu. Wengi husifu kompyuta zao, wakasahau kwamba chuo hicho pia kiliajiri washauri wengi zaidi. Kompyuta ilionesha nani anateleza, na binadamu ndiye aliyempigia simu.

Kwetu hapa, mfumo wa namna hiyo utahitaji hadhari moja. Taarifa za mwanafunzi ni amana. Kwamba fulani ameshindwa kulipa, kwamba fulani amekuwa mgonjwa, kwamba fulani ameomba ushauri juu ya ndoa yake, si mambo ya kusomwa na kila mwenye kompyuta ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka wajibu huo kisheria. Kwa Muislamu wajibu wa kusitiri siri ya mwenzake ulikuwapo kabla ya sheria hiyo. Chuo kinachounganisha mifumo kiunganishe na kufuli pia, ili mhasibu aone ada, mshauri aone mashauri, na kila mmoja aishie hapo.

Mfano wa Suffa

Historia yetu ina picha mbili za kutafuta elimu. Ya kwanza ni ya safari. Swahaba Jabir bin Abdillah (r.a.) alinunua ngamia, akasafiri mwezi mzima hadi Sham, kwa ajili ya hadithi moja tu iliyokuwa kwa Abdallah bin Unais (r.a.). Picha hii tunaipenda na kuihadithia sana. Tunawaambia vijana wavumilie, kwani waliotangulia waliteseka zaidi.

Picha ya pili tunaihadithia kidogo. Nyuma ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina palikuwa na kibaraza kilichoezekwa, kikiitwa Suffa. Hapo waliishi Waislamu maskini wasio na jamaa wala makazi, wakijifunza dini. Abu Huraira (r.a.) alikuwa mmoja wao. Hawakuachwa wavumilie peke yao. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwagawia katika kile alicholetewa, masahaba wenye uwezo waliwachukua majumbani kula nao, na Maansari walikuwa wakitundika mashada ya tende msikitini ili mwenye njaa achume. Kivuli, chakula na watu wa karibu vilikuwa pamoja na somo mahali pamoja. Kutokana na kibaraza hicho, Abu Huraira akawa mpokezi wa hadithi nyingi kuliko swahaba mwingine yeyote.

Mwanafunzi wa mtandaoni hahitaji ngamia wa Jabir. Safari ya mwezi imekuwa ya sekunde. Anachokihitaji ni Suffa, na sehemu ya Suffa hiyo haiwezi kujengwa na chuo kutoka Kinondoni. Iko mikononi mwetu.

Kazi ya nyumbani

Familia nyingi hudhani kwamba anayesoma nyumbani yupo tu. Kijana akienda chuo cha bweni, kila mtu anajua anasoma, na hakuna anayempigia simu akanunue mkaa. Akisoma nyumbani, anaonekana ameshika simu, na aliyeshika simu huhesabiwa hana kazi. Hatumwi mwingine ila yeye. Kwa binti na mke hali ni ngumu zaidi, kwa sababu kazi za nyumbani hazina saa ya kufunga.

Mume aliyekubali mkewe asome, na akalipa ada, amefanya jambo la kushukuriwa. Lakini ada bila saa mbili za utulivu ni sawa na kununua mbegu ukanyima maji. Familia ikae na kukubaliana: baada ya Magharibi au baada ya Isha, siku kadhaa kwa wiki, huu ni muda wa masomo yake. Watoto wajue. Wageni waelezwe. Mume achukue zamu ya watoto, naye hatapungukiwa heshima kwa hilo. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake.

Zipo faida ambazo mtandao umewaletea wanawake wetu na ambazo tusizidharau. Mama anayenyonyesha hapotezi mwaka wake wa masomo. Mwanamke aliyefiwa na mume, anayekaa eda ya miezi minne na siku kumi, anaweza kuendelea kusoma akiwa ndani ya nyumba yake. Binti ambaye wazazi wake wanahofia kumpangishia chumba mbali na kwao ana njia nyingine. Lakini faida hizo zinageuka hasara iwapo nyumba yenyewe haimpi nafasi.

Kazi ya msikiti

Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti tunajua kwamba vyumba vyetu vya madrasa vina ratiba. Watoto huja asubuhi na alasiri, na mwishoni mwa wiki hujaa. Baada ya Isha, vyumba vingi hufungwa. Vina taa, vina meza, vina feni, na vina mlinzi. Mitaani kote Temeke na Kinondoni wapo wanafunzi wanaosoma kwenye ngazi, kwenye steshenari yenye kelele, au kitandani wakiwa watatu chumba kimoja.

Kamati ikiamua kufungua chumba kimoja saa mbili kila usiku, gharama yake ni umeme na mtu wa kufunga mlango. Ikiweza kuongeza intaneti ya pamoja, waumini wakachangia kama wanavyochangia futari, sadaka hiyo itaendelea kunufaisha muda wote ambao elimu inatumika. Wanawake wapangiwe siku zao au chumba chao. Asiwepo wa kuuliza mwanafunzi anasomea nini, iwe sheria, uhasibu au ualimu. Na katika kila mtaa wapo wahitimu wanaojua jinsi ya kusajili masomo, kutafuta kitabu katika maktaba ya mtandaoni na kuandika barua ya kuomba kuahirisha mtihani. Mhitimu mmoja akikaa hapo usiku mmoja kwa wiki, milango ile mitano inapungua.

Maswali kabla ya kulipa ada

Mzazi au mwanafunzi anayekaribia kujiunga na masomo ya mtandaoni, katika chuo chochote, asiridhike na tangazo lenye picha ya joho. Kwanza ahakikishe kwamba chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kisha aulize haya:

Nikikwama usiku au siku ya Jumapili, nitaomba msaada wapi, na nitajibiwa baada ya muda gani? Kituo cha karibu nami kiko wapi, na hufanya kazi gani hasa? Nani atakuwa mkufunzi wangu, na nitampataje? Masomo yanaweza kupakuliwa nikayasoma bila intaneti, au lazima niwe mtandaoni muda wote? Nikiugua, nikijifungua au nikifiwa, utaratibu wa kuahirisha ni upi, na nitapoteza kiasi gani cha ada? Mitihani itafanyikia wapi? Mwenye ulemavu wa macho au wa masikio atasomaje?

Chuo chenye majibu ya wazi kimewafikiria wanafunzi wake. Chuo kinachobabaika kimenunua kompyuta tu.

Na kwa wenye mamlaka vyuoni, wengi wao wakiwa majirani na waumini wenzetu, ombi letu ni dogo. Katika kila ripoti ya mwaka tunaona idadi ya waliodahiliwa na idadi ya waliohitimu. Mheshimuni pia aliyepotea katikati. Mhesabuni, mmpigie simu, mmwulize kilichomkwaza. Huenda ni neno la siri tu.

Vijana wetu na mama zetu wameitikia wito wa kusoma kwa gharama kubwa ya usingizi wao. Tusiwaache peke yao na simu ya mkononi saa nne usiku.

Wabillahi tawfiq.